Jinsi ya kuorodhesha wanasiasa waliozikwa katika kaunti ya vijijini: mfano wa Orange, Vermont

Anayetaka kujua ni wanasiasa gani wamezikwa katika kaunti fulani ya Marekani hukimbilia makaburini na kuanza kusoma mawe. Huko ni kuanza mwishoni. Mara nyingi jiwe halitaji cheo cha marehemu, halithibitishi kwamba chini yake kuna mwili, na lilichongwa na fundi aliyepewa tarehe na jamaa, pengine miaka kadhaa baada ya mazishi. Anza na vyeo, fuata watu, kisha nenda makaburini. Jiwe liwe shahidi wa mwisho kuhojiwa.

Mfano tutakaoufuata ni Kaunti ya Orange katika jimbo la Vermont, yenye miji 17 na makao yake Chelsea. "Mji" wa Vermont usikupe picha ya maghorofa. Ni eneo la utawala lenye mashamba, misitu na vijiji kadhaa ndani yake, na kila mji una makaburi yake, mara nyingi sehemu zaidi ya moja. Utaratibu utakaouona hapa unafaa kaunti nyingine za Marekani pia, ila ofisi zinazotunza kumbukumbu hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo.

Nani aingie kwenye orodha

Amua kabla ya kukusanya jina hata moja, na uandike uamuzi wako juu ya orodha. Usipofanya hivyo, ukifika jina la mia mbili utakuwa umewaingiza wakuu wa posta wa mji mmoja na kuwaacha wa mji wa pili.

Ngazi ya taifa haina ubishi: marais, makamu, mawaziri, maseneta, wabunge, mabalozi, majaji wa mahakama za shirikisho. Ngazi ya jimbo: gavana, naibu wake, maafisa wa kuchaguliwa na wajumbe wa mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Ugumu uko chini ya hapo. Wajumbe wa mikutano mikuu ya vyama waingie, kwa kuwa majina yao yalichapishwa na yanathibitika. Waliogombea ubunge wa taifa au ugavana wakashindwa waingie pia, ila waandikiwe wazi kuwa walishindwa. Wakuu wa posta wa karne ya 19 walikuwa watu wa siasa kweli, maana cheo kile kilikuwa zawadi ya chama kilichoshinda urais, lakini ukiwaingiza wote orodha itakushinda. Ushauri wetu: waache, isipokuwa aliyekuwa na cheo kingine. Vermont ina pia majaji wasaidizi wawili kwa kila kaunti, wanaochaguliwa kwa kura na wasiolazimika kuwa wanasheria. Hao ni wanasiasa wa kaunti hasa, usiwasahau.

Sasa pima ukubwa wa kazi. Hadi mwaka 1965 kila mji wa Vermont ulikuwa na mwakilishi wake katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, uwe na watu mia mbili au elfu thelathini. Mwishoni baraza lilikuwa na wajumbe 246, ndipo likapunguzwa hadi 150. Kuanzia 1778 uchaguzi ulikuwa wa kila mwaka, na kuanzia 1870 ukawa wa kila miaka miwili. Kwa mji uliokuwepo tangu mwanzo hizo ni chaguzi 140 hivi. Zidisha kwa miji 17, kisha punguza waliochaguliwa mara mbili au tatu, na bado umebaki na mamia ya watu, wengi wao wakulima waliokaa bungeni kipindi kimoja na kurudi kwenye ng'ombe zao. Ndiyo maana eneo dogo la makaburi kando ya barabara ya vumbi linaweza kuwa na wabunge wa jimbo wengi kuliko makaburi ya mjini.

Waliokaa katika baraza hilo kabla ya tarehe 4 Machi 1791 walikuwa wabunge wa nchi iliyojitawala, kwani Vermont ilikuwa haijajiunga na Marekani. Waorodheshe, lakini usiandike kwamba walikuwa wabunge wa jimbo la Marekani.

Kujenga orodha ya vyeo

Kwa wabunge na maseneta wa taifa kazi ni nyepesi. Bunge la Marekani linatunza kamusi ya wasifu wa wabunge wake wote tangu 1774, inayosomeka bure mtandaoni, na ingizo la marehemu kwa kawaida huishia na mahali alipozikwa. Humo utampata Justin Smith Morrill, mwenye sheria ya mwaka 1862 iliyoyapa majimbo ardhi ya kugharimia vyuo, aliyefariki tarehe 28 Desemba 1898 akiwa bado seneta na kuzikwa kwao Strafford, mmoja wa miji 17 ya kaunti hii. Tatizo la kamusi hiyo ni kwamba hutaja makaburi na mji, mara nyingi bila kaunti. Kaunti utaiweka wewe.

Kwa wabunge wa jimbo, pata vitabu vya mwaka vya serikali ya jimbo na kumbukumbu za vikao. Tengeneza jedwali la mji mmoja kwa wakati mmoja: mwaka, jina kama lilivyoandikwa, cheo. Usiunganishe majina yanayofanana katika hatua hii. "J. Smith" wa 1841 na "John Smith" wa 1843 wabaki mistari miwili mpaka hati iseme ni mtu mmoja.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa wa majina. Katika hati za zamani za New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki ikiwemo Vermont, "Jr." haikumaanisha lazima mtoto wa mwenye jina lile. Ilimaanisha mdogo kati ya watu wawili wenye jina moja mjini, na mkubwa akifa, mdogo aliweza kuiacha alama hiyo. "2d" vilevile: ni mtu wa pili wa jina hilo katika mji, hata kama hana udugu na wa kwanza. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuonekana kama "Jr." katika bunge la 1838 na bila alama yoyote katika la 1846.

Majina ya koo nayo yanahitaji macho. Nenda makaburi ya Plymouth Notch, kaunti jirani ya Windsor. Calvin Coolidge, rais wa 30, amezikwa hapo, na mwanawe Calvin pia yupo. Baba alifariki 5 Januari 1933, mtoto 7 Julai 1924 akiwa na miaka 16. Baba wa rais, John Calvin Coolidge, yupo hapo hapo, naye alikaa katika mabaraza yote mawili ya Vermont. Mtu asiyelinganisha tarehe atapata rais mmoja mwenye vifo viwili.

Magazeti ya miaka ya 1870 nayo huandika "Seneta Morrill" bila kufafanua, na wakati huo walikuwepo wawili: Justin wa Vermont na Lot wa Maine.

Wanawake hawapatikani kwa njia ya kawaida. Wa kwanza kuketi katika bunge la Vermont alitoka kaunti hii hii: Edna Beard wa mji wa Orange, aliyechaguliwa 1920 na kuingia bungeni 1921, kisha akaingia Seneti. Kwa waliofuata, tafuta kila mmoja kwa jina la kuzaliwa na la kila ndoa, maana jiwe linaweza kumtaja kama mke wa fulani tu.

Majina ya mahali yanayopotosha

Katika Kaunti ya Orange kuna mji uitwao Washington. Kuna pia Kaunti ya Washington, jirani, yenye Montpelier ndani yake. Kuna jiji la Washington, ambako wabunge wengi walifia kazini, na kuna jimbo la Washington. Taazia ikisema tu kwamba mtu "alifia Washington", bado hujajua lolote. Morrill alifia Washington, ule wa makao makuu ya nchi, na si mji ulio umbali mfupi kutoka kwao Strafford. Mji wa Orange umo ndani ya Kaunti ya Orange, na Fairlee na West Fairlee ni miji miwili tofauti.

Mipaka ya kaunti huhama ilhali makaburi yamekaa palepale. Andika kaunti ya sasa kwanza, kisha ile ya siku ya mazishi kama ni tofauti. Jambo hili lina uzito zaidi West Virginia, iliyojitenga na Virginia tarehe 20 Juni 1863, na Maine, iliyotoka Massachusetts mwaka 1820: mtu aliyekaa katika bunge la jimbo moja leo amelala katika jimbo jingine bila kuhamishwa hata hatua moja.

Virginia ina mtego wake peke yake. Miji yake 38 inayojitegemea haimo katika kaunti yoyote kisheria. Lexington imezungukwa pande zote na Kaunti ya Rockbridge, lakini tangu 1966 si sehemu yake. Gavana John Letcher, aliyezikwa Lexington, hawezi kuorodheshwa chini ya Rockbridge bila maelezo.

Karatasi kabla ya mawe

Vermont haina ofisi moja ya kaunti kwa mambo haya. Hati za vizazi, vifo na ardhi ziko kwa karani wa kila mji, na karani wa mji mdogo huenda akafungua ofisi siku chache tu kwa wiki. Piga simu kwanza. Hifadhi ya nyaraka ya jimbo iko Middlesex. Mirathi ilikuwa chini ya mahakama za wilaya, na Kaunti ya Orange iligawanywa wilaya mbili, Bradford na Randolph. Usipokuta faili Randolph, usihitimishe kwamba marehemu hakuacha mirathi.

Faili la mirathi ndilo hazina inayopuuzwa kuliko zote. Usisome wosia tu. Fungua hesabu za msimamizi, mahali anapoonyesha alivyotumia fedha za marehemu: jeneza, mchimba kaburi, na baadaye mawe ya kaburi. Msimamizi akilipia jiwe miaka mitatu baada ya kifo, umejua kwa nini tarehe ya jiwe inapishana na ya hati kwa siku moja mbili. Hapo amini hati iliyoandikwa karibu zaidi na kifo.

Vyanzo vingine, kwa mpangilio wa kuaminika:

- Daftari la viwanja vya makaburi, lililo kwa mwangalizi au kamati ya makaburi ya mji. Linaonyesha nani alinunua kiwanja na nani kawekwa ndani yake. Kununua na kuzikwa ni mambo mawili.
- Hati ya kifo, yenye nafasi ya mahali pa mazishi katika fomu za baadaye. Za zamani hutaja kifo tu.
- Ripoti za mwaka za mji, zinazochapwa kwa ajili ya mkutano wa wananchi wa Jumanne ya kwanza ya Machi. Nyingi huorodhesha vifo vya mwaka uliopita, na baadhi hutaja hata miili iliyoletwa kuzikwa kutoka nje. Hao wa kutoka nje ndio ambao hati ya kifo ya mji haitakuonyesha.
- Magazeti ya wiki. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mengi mtandaoni bure.

Kwenye magazeti, usitafute taazia peke yake. Habari ya mazishi mara nyingi imo katika safu ya mwandishi wa kijiji, mstari mmoja kati ya bei ya siagi na nani amepaka nyumba rangi. Kompyuta husoma vibaya herufi za zamani, hivyo jina la ukoo likikosekana, tafuta jina la kijiji na neno la mazishi ndani ya wiki tatu baada ya kifo.

Halafu tafuta tena mwezi Mei. Ardhi ya Vermont huganda majira ya baridi, na aliyefariki kati ya Desemba na Machi mara nyingi alilazwa katika chumba cha mawe kilichochimbwa ubavuni mwa kilima, akasubiri ardhi ilainike. Mazishi yenyewe yalifanyika miezi minne baadaye. Ukiona tarehe ya mazishi iko mbali hivyo na ya kifo, usiisahihishe.

Sensa husaidia kujua mtu alikuwa hai na yuko wapi, lakini kumbuka mipaka yake: kabla ya 1850 hutaja mkuu wa kaya pekee, na ile ya 1890 karibu yote imepotea.

Siku ya kwenda makaburini

Wakati mzuri ni mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei, theluji imekwisha na nyasi hazijapanda, au Oktoba majani yakianza kupukutika. Machi na mwanzo wa Aprili barabara za udongo hugeuka matope yanayomeza gari hadi ekseli. Novemba ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki: vaa fulana ya rangi ya chungwa. Kupe wapo tangu joto linapoanza na huambukiza ugonjwa wa Lyme, basi ingiza suruali ndani ya soksi na ujikague jioni. Makaburi ya ukoo yaliyo katikati ya shamba la mtu yanahitaji ruhusa ya mwenye shamba, hata kama ramani inaonyesha njia.

Beba maji lita nne au tano, brashi laini ya nywele za asili, kioo cha ukubwa wa trei, futi ya kupimia, penseli, daftari, na simu yenye ramani.

Kusoma jiwe ni suala la mwanga. Mwanga ukipiga jiwe usoni, maandishi hupotea. Ukipita kwa ubavu, kila herufi huacha kivuli. Mawe yanayotazama kaskazini hayapati jua la maana, na hapo ndipo kioo kinapofanya kazi: mtu mmoja asimame pembeni kwenye jua na kurusha mwanga uteleze juu ya uso wa jiwe kutoka upande, mwingine apige picha. Usipoona kitu, lowanisha jiwe kwa maji matupu, ngoja dakika chache likauke juu juu. Herufi hubaki na unyevu na kuonekana nyeusi zaidi.

Usipake krimu ya kunyolea, unga, chaki wala dawa ya kufulia yenye klorini. Krimu ina asidi, na klorini huacha chumvi ndani ya vinyweleo vya jiwe inayolipasua baridi ikiingia. Brashi ya waya ni uharibifu. Jiwe linalopukutika chembe kama sukari ukiligusa lisisuguliwe hata kwa brashi laini.

Aina ya jiwe hukupa umri wake. Mawe ya sleti, ya bluu-kijivu na membamba, ni ya karne ya 18 na mwanzo wa ya 19, na maandishi yake huwa makali kama ya jana. Marumaru nyeupe ilitawala sehemu kubwa ya karne ya 19 nayo ndiyo inayolika kwa mvua. Graniti ilifuata. Katikati utakutana na minara ya kijivu-samawati inayotoa mlio wa utupu ukiigonga kwa kidole: hiyo ni zinki, iliyotengenezwa hadi 1914, na husomeka vizuri ajabu. Jiwe la graniti lenye tarehe ya kifo ya 1822 ni badala ya jingine. Tafuta la zamani, huenda limelazwa chini ya nyasi karibu.

Maneno ya kutazama: "Hon." kwa kawaida huashiria mbunge au jaji, "Esq." mara nyingi ni hakimu wa amani, "Col." ni kanali wa wanamgambo aghalabu. Hakuna hata kimoja kinachotosha kama ushahidi wa cheo. Na kinyume chake: mkongwe wa vita vya wenyewe kwa wenyewe aliyewekewa jiwe jeupe la serikali lenye ngao ana jina, kombania na kikosi tu. Angekuwa spika wa bunge, jiwe hilo lisingesema.

Mawe mengi hayana tarehe ya kuzaliwa bali umri, kwa mfano kifo 3 Machi 1862, miaka 71, miezi 4, siku 12. Toa kwa mpangilio huo huo: miaka kwanza, unafika 3 Machi 1791, miezi, unafika 3 Novemba 1790, siku, unafika 22 Oktoba 1790. Ukianza na siku unaweza kukosea kwa siku moja hadi tatu kwa sababu miezi haina urefu mmoja.

Vijiwe vidogo vyenye herufi za mwanzo tu huwekwa miguuni. Ni kaburi lile lile, usilihesabu mara mbili.

Jiwe bila mwili, mwili bila jiwe

Makaburi ya Bunge jijini Washington yana nguzo za kumbukumbu zaidi ya 150 za wabunge waliofia kazini, na wengi wao wamezikwa kwao. Vijijini hali hugeuka: jina la mtu huchongwa kwenye mnara wa familia ilhali yeye alizikwa California au baharini. Maneno kama "alifia" na jina la mahali pa mbali ni ishara ya kwenda kutafuta daftari la viwanja huko pia.

Watu huhamishwa. Makamu wa Rais George Clinton alizikwa Washington mwaka 1812, na mwaka 1908 akapelekwa Kingston, New York. Bwawa la Quabbin huko Massachusetts lilipofuta miji minne mwaka 1938, maiti zaidi ya 7,500 zilifukuliwa, nyingi zikapelekwa makaburi mapya huko Ware. Kwa hiyo chanzo cha 1890 kinaweza kuwa sahihi kwa wakati wake na kukosea leo. Andika sehemu zote mbili na mwaka wa kuhamishwa.

Kuna waliohamishwa bila ridhaa. John Scott Harrison, mbunge wa zamani wa Ohio, mtoto wa rais mmoja na baba wa mwingine, alizikwa mwishoni mwa Mei 1878. Siku iliyofuata mwili wake ulikutwa katika chuo cha udaktari cha Cincinnati, umeibwa kaburini kwa ajili ya masomo ya upasuaji. Kwa kuogopa wezi hao, enzi hizo baadhi ya familia ziliiweka maiti kwanza kwenye chumba chenye kufuli na kuizika baadaye, jambo linaloeleza tarehe za ajabu hata pasipo na baridi.

Namna ya kuandika ingizo

Jina kamili na namna nyingine lilivyoandikwa, tarehe na mahali pa kuzaliwa na kufa, vyeo na miaka, jina la sasa la makaburi na ya zamani, mji, kaunti, sehemu na safu, viwianishi kwa desimali tano, ambazo hukufikisha kama mita moja. Vermont iko magharibi, hivyo longitudo iwe na alama ya kutoa mbele: Strafford ni kama 43.87 na -72.37. Ukisahau alama hiyo, Seneta Morrill atakuwa amezikwa Kazakhstan.

Mwisho wa kila ingizo weka daraja. A: kuna hati ya mazishi na jiwe. B: kimoja kati ya hivyo. C: masimulizi ya familia au kitabu cha historia ya kaunti tu. Vitabu hivyo vya miaka ya 1880 vilikuwa na tabia ya kuwasifu walionunua nakala, na C inapaswa kubaki C hata kama familia inakasirika.

Jiwe lenye mwaka wa kuzaliwa na nafasi tupu ya kifo lina maelezo matatu: mwenyewe yu hai, alizikwa kwingine na mwenzi wa pili, au yumo kaburini na hakubaki mtu wa kumlipa mchongaji. Mwulize mwangalizi wa makaburi. Akisema yu hai, toa jina kwenye orodha.